Mfuo wa Mtutu: Historia ya Bunduki Ndogo za Shabaha

Watu wengi wanaposikia neno bunduki, fikira zao hukimbilia vita, uwindaji au ujambazi. Hatuwalaumu, kwa kuwa historia ya bara letu imewafundisha hivyo. Lakini kuna bunduki za namna nyingine ambazo hazikuundwa kwa ajili ya mtu wala mnyama. Ziliundwa kwa ajili ya kutoboa karatasi. Ni bunduki ndogo za shabaha, zenye risasi nyembamba kupita unene wa penseli. Huko Uingereza, Marekani na Ujerumani wako watu ambao huzitafuta zile za zamani, huzisafisha, huandika habari zake, na jioni baada ya kazi huenda nazo katika vyama vyao na kuzipiga kama zilivyopigwa na babu zao.

Msomaji anaweza kuuliza: jambo hili latuhusu nini sisi, na kwa nini liingie katika kitabu cha utamaduni wa taifa? Tunajibu kwamba latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mchezo huu wa watu wa Ulaya ulipata nguvu kutokana na vita vilivyopiganwa katika ardhi ya Afrika. Pili, namna wanavyovitunza vyombo vyao yatupa kipimo cha kujipimia sisi wenyewe. Katika makala haya tutaeleza asili ya bunduki hizo, kisha kazi ya wanaozikusanya, na mwisho tutarudi nyumbani kulitazama gobore letu.

RISASI YA UKINGONI

Yafaa tuanze na risasi yenyewe, kwa maana ndiyo iliyoizaa bunduki. Zamani bunduki ilishindiliwa kwa mbele. Mpigaji alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia tambara na risasi, akashindilia kwa mdeki, kisha akawasha kwa gumegume, na baadaye kwa fataki. Kazi hiyo ilichukua muda, na mvua ikinyesha baruti ililowa.

Mwaka 1845 fundi mmoja wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, alichukua fataki na kuitia kijirisasi cha mviringo mdomoni mwake. Haikuhitaji baruti nyingine. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kukirusha kijirisasi hicho ndani ya ukumbi. Watu wa Ulaya wakaanza kulenga shabaha majumbani mwao kama mchezo wa baada ya chakula. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola ndogo iliyotumia risasi ya namna hiyo, ila hii iliongezewa baruti kidogo ndani ya ganda la shaba. Kisha mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens, katika mji wa Chicopee Falls jimboni Massachusetts, ikatoa risasi ndefu zaidi kidogo, yenye kipenyo cha kama milimita 5.6 na uzito wa kama gramu 2.6 za risasi tupu. Hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo duniani kote.

Siri ya risasi hii imo katika ukingo wake. Ganda lake limekunjwa kitakoni likafanya ukingo mwembamba wenye uwazi ndani yake, na dawa ya kuwasha imejazwa humo. Kifyatulio kikivutwa, chuma kidogo huugonga ukingo, dawa huwaka, na baruti hulipuka. Ili ukingo uweze kubondeka, ganda lazima liwe laini. Na ganda laini haliwezi kuhimili mlipuko mkubwa. Kwa sababu hiyo, risasi kubwa za namna hii, zilizotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, ziliachwa baadaye, zikabaki zile ndogo. Udhaifu wake ukawa ndiyo faida yake: mlio wake ni mdogo, bei yake ni nafuu, na mtu anaweza kuipiga mara mia kwa siku bila bega kuuma.

VITA VYA AFRIKA KUSINI

Hata hivyo, risasi hii ilihitaji sababu kubwa ili itoke katika kumbi za matajiri na kuingia katika maisha ya wafanyakazi. Sababu hiyo ilikuwa vita kati ya Waingereza na Makaburu, vilivyoanza mwezi Oktoba 1899 na kwisha mwezi Mei 1902.

Waingereza waliingia vitani wakijiamini. Lakini kati ya tarehe 10 na 15 Desemba 1899, katika muda wa siku sita tu, walishindwa mara tatu: huko Stormberg, Magersfontein na Colenso. Makaburu hawakuwa askari wa kazi. Walikuwa wakulima na wafugaji waliozoea bunduki tangu utotoni, na mikononi mwao walikuwa na bunduki za Mauser kutoka Ujerumani. Walijificha katika mahandaki na nyuma ya mawe, wakapiga kutoka mbali, wala moshi haukuonekana. Askari wa Kiingereza, ambaye mara nyingi alikuwa kijana wa mjini aliyekuwa hajashika bunduki kabla ya kuingia jeshini, hakuweza kuwajibu.

Katika vita vya Colenso alijeruhiwa kijana mmoja afisa, Frederick Roberts, aliyekuwa akijaribu kuokoa mizinga, naye akafa kwa majeraha hayo. Baba yake, Lord Roberts, ndiye aliyeteuliwa siku hizo hizo kwenda kuongoza majeshi ya Uingereza Afrika Kusini. Mzee huyo aliporudi kwao alikuwa na shauku moja: kila mwanamume wa Uingereza ajue kulenga shabaha.

Lakini mfanyakazi wa kiwandani angejifunzia wapi? Bunduki ya vita yahitaji uwanja wa mamia ya mita, na nyuma yake kilima cha kuzuia risasi. Mfanyakazi huyo aliishi katika vichochoro, alifanya kazi siku sita, na mshahara wake haukutosha kununua risasi kubwa. Hapo ndipo risasi ya ukingoni ilipopata kazi. Kwa risasi hiyo ukumbi wenye urefu wa yadi 25, yaani kama mita 23, unatosha. Mwaka 1901 kikaundwa chama cha kuunganisha vyama vya wafanyakazi vya kulenga shabaha, na mwaka 1903 kikaungana na kingine na kuitwa Chama cha Vyama vya Bunduki Ndogo. Viwanda, reli, makanisa na mashirika ya umma yakawa na vyama vyao. Watu walilenga katika vyumba vya chini ya nyumba, katika kumbi za mikutano, na katika mabanda nyuma ya karakana.

Tusisahau kwamba vita hivyo havikuwa vya weupe peke yao. Waafrika wengi walichukuliwa kuwa wachukuzi, wapelelezi na waendesha magari ya ng'ombe. Katika kambi walimofungiwa Waafrika walikufa zaidi ya watu 14,000 walioandikwa majina au hesabu zao. Wasioandikwa Mungu ndiye awajuaye. Katika vitabu vingi vya historia ya mchezo wa shabaha hutaliona jambo hili. Utasoma juu ya wakulima wa Kikaburu na wafanyakazi wa Kiingereza, lakini mwenye ardhi hatajwi.

MITUTU YA MJI MMOJA

Bunduki za kwanza za vyama hivyo zilikuwa bunduki za vita zilizotiwa mtutu mwembamba ndani ya mtutu mpana. Nyingi zilikuwa za mtambo wa Martini. Mtambo huu una historia yake. Ulitokana na fikra ya Mmarekani Henry Peabody, ukatengenezwa upya na Friedrich von Martini huko Uswisi, na Waingereza wakauunganisha na mtutu wa Alexander Henry wa Edinburgh. Bunduki ya Martini-Henry ilikubaliwa jeshini mwaka 1871. Ndiyo waliyokuwa nayo askari wa Uingereza walioshindwa na Wazulu huko Isandlwana tarehe 22 Januari 1879.

Jeshi lilipoiacha Martini, walenga shabaha waliipokea. Mpigaji akivuta wenzo ulio chini ya mkono, kipande cha chuma huinama na kufungua nyuma ya mtutu. Hutia risasi moja, hufunga, hulenga. Mtambo ni mfupi na imara, na muda kati ya kuvuta kifyatulio na kuwaka kwa risasi ni mdogo sana, hata mkono haupati nafasi ya kutikisika.

Kampuni iliyojulikana zaidi kwa kazi hii ni BSA ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji huo. Wazee wetu wanaikumbuka BSA kwa baiskeli na pikipiki, na alama yake ya bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja. Mwaka 1912 ilitoa bunduki ndogo ya Martini iliyopewa namba 12, nayo ikawa mwalimu wa maelfu ya Waingereza. Baada ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viwanda vya silaha vilikosa kazi, vikageukia mchezo. Vickers, iliyokuwa imetengeneza bombomu za vita, ikatengeneza bunduki za shabaha. Marekani, kampuni ya Winchester ilionyesha namba 52 yake mwaka 1919 katika mashindano ya taifa huko Caldwell, New Jersey, nayo ikaendelea kuundwa kwa kama miaka 60.

Mataifa hayo yalishindana hata bila kukutana. Tangu mwaka 1909 Uingereza na Marekani ziligombea kikombe kilichotolewa na Thomas Dewar. Kila upande ulichagua watu 20. Kila mtu alipiga risasi 20 kwa yadi 50 na nyingine 20 kwa yadi 100, nyumbani kwake, mbele ya mashahidi. Alama za mtu mmoja haziwezi kuzidi 400, na za timu haziwezi kuzidi 8,000. Matokeo yalilinganishwa ng'ambo ya bahari. Mchezo wa namna hii hauwezekani bila uaminifu, maana mshindani wako humwoni.

Sasa tuutazame mji wa Birmingham kwa jicho letu. Kabla ya kutengeneza bunduki hizi za shabaha, na kwa muda mrefu pamoja nazo, karakana za mji huo zilitengeneza bunduki za kuuza Afrika. Katika mitaa ile ile fundi mmoja alifua mtutu, mwingine akachonga kitako, mwingine akaunda mtambo. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya mtutu. Bunduki ya shabaha ina mifuo, yaani mistari iliyochimbwa ndani kwa kuzunguka kama uzi wa skrubu. Mifuo huizungusha risasi, na risasi inayozunguka huenda moja kwa moja. Bunduki ya Afrika ilikuwa laini ndani, na risasi yake ilikwenda ikiyumba.

Tofauti hiyo haikuwa ya bei tu, bali baadaye ilitiwa katika sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba. Ulizuia bunduki zenye mifuo na silaha nyingine za kisasa zisiingizwe kwa biashara katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Sababu iliyotolewa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli kwamba bunduki ziliichochea biashara hiyo ovu. Lakini tutazame ramani. Tanganyika, Kenya, Uganda, Zanzibar, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo ndani ya mipaka hiyo. Nyuzi 22 kusini hupita kaskazini kidogo ya mto Limpopo. Nchi ya Makaburu ya Transvaal ikabaki nje. Basi miaka tisa baadaye Kaburu alikuwa na Mauser yenye mifuo, na Mwafrika wa kaskazini yake alikuwa na mtutu laini, au mkuki.

Wahehe waliteka bunduki kama 300 za Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, lakini ushindi ule waliupata zaidi kwa mikuki na kwa ujasiri. Mwaka 1905 wapiganaji wa Majimaji walikabili bombomu kwa mikuki, mishale, magobori na imani. Mfuo mwembamba, usioonekana ila kwa kuchungulia ndani ya mtutu, ulikuwa mpaka kati ya mtawala na mtawaliwa.

KAZI YA WAKUSANYAJI

Tuwarudie sasa wale wanaokusanya bunduki hizi leo. Si kweli kwamba kila kilicho kikuukuu ni adimu. Namba 12 ya BSA ziliundwa nyingi sana. Adimu ni zile zilizoundwa kwa miaka michache, au zilizobaki na vilengeo vyake vya awali. Kilengeo ni kipande kidogo chenye tundu la kuchungulia, kilichofungwa kwa skrubu, na ni chepesi kupotea. Bunduki iliyopoteza kilengeo chake ni kama kitabu kilichochanwa kurasa za mwanzo.

Mkusanyaji hodari huisoma bunduki kama hati. Katika mtutu huona mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813, ambako kila mtutu hujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Kanuni za mihuri hiyo zilibadilishwa mwaka 1904, 1925 na 1954, kwa hiyo muhuri hueleza umri. Namba ya mtambo hueleza mahali pake katika mpango wa kiwanda. Bati dogo katika kitako huweza kutaja chama kilichoimiliki. Yote hayo huandikwa katika daftari: imetoka wapi, ilikuwa ya nani, imebadilishwa nini.

Adui mkubwa wa vyombo hivi ni kutu, na hapa pana somo la sayansi kwa wanafunzi wetu. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, dawa ya kuwashia risasi nyingi ilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiwaka, huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi iliyo jamaa ya ile tunayotia katika chakula. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu hula chuma. Mtu aliyemaliza kupiga akapaka mafuta alidhani ametunza, kumbe ameifunika chumvi tu, kwa maana mafuta hayayeyushi chumvi. Mitutu mingi iliharibika kwa mafuta yaliyopakwa kwa nia njema. Aliyeokoa bunduki yake ni yule aliyeisafisha kwa maji ya moto, akaikausha, kisha akapaka mafuta. Watu wa pwani, wanaojua upepo wa bahari ufanyavyo kwa bati na misumari, hawatalistaajabia jambo hili.

Mtutu ulioharibika haukutupwa. Kampuni ya Parker-Hale ya mji huo huo ilijulikana kwa kuuchimba mtutu na kuutia mwingine mwembamba ndani yake wenye mifuo mipya. Mkusanyaji wa leo akiona kazi hiyo haioni kuwa aibu. Huiandika pia, kwa kuwa matengenezo ni sehemu ya maisha ya chombo.

Kisha huipiga. Hulala kifudifudi juu ya mkeka, viwiko chini, ukanda wa ngozi umebana mkono wa kushoto. Huvuta pumzi, huitoa nusu, huizuia, na kidole huvuta kifyatulio polepole hata mwenyewe asijue ni lini kitaachia. Sisi tulifundishwa hivyo katika mafunzo ya mgambo ujanani, na mkufunzi wetu alizoea kutukemea, "Usiigombeze bunduki, ibembeleze!" Maneno hayo yametufaa hata katika utunzi wa mashairi. Mpigaji wa bunduki kuukuu hugundua mambo ambayo daftari haliwezi kumwambia: uzito wake umekaa wapi, jicho latakiwa liwe umbali gani, na ni risasi za kiwanda kipi ambazo mtutu ule huzipenda. Maana kila mtutu una risasi zinazoupendeza, na hakuna ajuaye mpaka ajaribu.

Pia ni sheria inayowafanya wapige. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1920, mwenye raifali lazima awe na cheti cha polisi na aonyeshe sababu njema ya kuwa nayo. Bunduki hufungiwa katika kabati la chuma. Baada ya mauaji ya Hungerford mwaka 1987 na ya watoto wa shule huko Dunblane mwaka 1996, sheria zilikazwa zaidi. Tunalitaja jambo hili ili msomaji asidhani tunasifu silaha. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya mchezo, au chombo kilichotunzwa kwa heshima, chaweza kuua kikiwa katika mkono mwovu au wa kizembe. Wakusanyaji wa kweli hulijua hilo kabla ya watu wengine.

GOBORE LETU

Sasa tufike nyumbani. Gobore lilikaa nasi kwa vizazi vingi. Lililinda mashamba dhidi ya nguruwe na nyani, liliwinda, liliitikia katika harusi na katika misiba. Wahunzi wetu walijifunza kulitengeneza, kisha wakaliunda upya kwa mikono yao wenyewe. Lakini ni nani mwenye daftari la magobori? Nani ajuaye mhunzi gani alitengeneza mtambo wa namna gani, katika wilaya gani, na alijifunza kwa nani?

Tutasimulia jambo moja lililotupata katika utumishi. Mwaka mmoja tulitumwa kusaidia kuandika silaha zilizosalimishwa na wananchi katika ofisi fulani ya wilaya. Akaja mzee mmoja amebeba gobore lililofungwa kwa kanga kuukuu. Kitako chake kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwa, na mtambo wake ulikuwa umetengenezwa upya kwa waya wa shaba. Mzee akasema, "Mwanangu, andika na jina la babu yangu. Yeye ndiye aliyelitengeneza, na baba yangu alilirithi kwake."

Tukamjibu, "Shikamoo mzee. Tunakusikia, lakini fomu haina nafasi ya jina la babu."

Mzee akaitikia marahaba, akatutazama kwa muda, akasema, "Basi andikeni mtakavyo." Akaondoka na kanga yake mkononi. Katika fomu tuliandika: gobore moja, bovu.

Maneno hayo matatu yametusumbua kwa miaka mingi. Yule mzee alikuwa ametuletea historia ya vizazi vitatu, nasi tukamwandikia neno bovu. Fomu haikuwa na nafasi, ni kweli. Lakini karatasi ilikuwa na upande wa nyuma, na kalamu ilikuwa na wino. Hatukuchukua hata dakika tano kumwuliza babu yake aliitwa nani. Huko Birmingham, bunduki ya mfanyakazi asiyejulikana, iliyopigwa katika chumba cha chini ya kiwanda, ina ukurasa wake katika daftari la mtu. Gobore la mhunzi wa Kiafrika, aliyefanya kazi bila kiwanda, bila nyumba ya majaribio na chini ya sheria iliyomnyima mifuo, halina hata mstari.

Hatusemi kwamba magobori haramu yaachwe mikononi mwa watu. La hasha. Majangili na majambazi wameyatumia, na damu imemwagika. Nchi zetu zilitia sahihi Azimio la Nairobi la mwezi Machi 2000 juu ya silaha ndogo, na Itifaki ya Nairobi ikafuata mwaka 2004. Silaha haramu zilizokamatwa na zilizosalimishwa zimeteketezwa hadharani mara kadhaa. Hilo ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Tunachosema ni hiki: kabla ya moto, iwe kalamu. Ipimwe urefu, ipigwe picha, iandikwe alama iliyo kwenye mtutu, jina la mhunzi, mahali na mwaka aliokumbuka mwenye nayo. Na katika mia moja, ichaguliwe moja iliyo bora, izimwe isiweze kupigwa tena, ipelekwe makumbusho.

Walimu wa historia nao wana sehemu yao. Hatumshauri mwanafunzi yeyote aguse silaha. Akiiona, atoe habari kwa wakubwa na polisi. Lakini kumhoji mzee hakuhitaji kibali cha silaha. Mwanafunzi aulize: katika kijiji chetu mhunzi alikuwa nani? Chuma alikipata wapi? Alimfundisha nani? Baruti ilitoka wapi, na nani aliruhusiwa kuwa na bunduki wakati wa ukoloni? Majibu ya maswali hayo hayamo katika kitabu chochote. Yamo katika vifua vya wazee, na wazee hawaishi milele.

HITIMISHO

Tumeona jinsi kijirisasi cha fundi wa Paris kilivyopata makao katika vyama vya wafanyakazi baada ya vita vya Afrika Kusini. Tumeona mji mmoja ukitoa mtutu wenye mifuo kwa mtu wake na mtutu laini kwa Mwafrika, na mataifa yakiitia tofauti hiyo katika mkataba. Kisha tumeona wajukuu wa wafanyakazi wale wakiufuta mtutu kwa maji ya moto, wakiusoma muhuri wake, na kuandika.

Lile la kwanza ni dhuluma, nasi lazima tulijue. Hili la pili ni maarifa, nasi hatuna sababu ya kuyaacha kwa kuwa yametoka kwa waliotudhulumu. Mwacha asili ni mtumwa, na asili isiyoandikwa ni nyepesi kuachwa. Tumalizie kwa ubeti huu, tuliomtungia yule mzee wa kanga, ingawa jina lake na la babu yake hatukuliandika:

Kila chombo kina siri, kwa ajuaye kusoma,
Mtutu una muhuri, mfuo una alama,
Tuiandike habari, kabla ya moto kuchoma,
Kikishakuwa majivu, hakiwezi kuyasema.